Rovu la Dada Dafroza

Nilikuwa darasa la tatu, tukiishi Ilembo, nilipoiba karanga za mbegu za bibi yangu na kuzila mbichi nyuma ya ghala. Hazikuwa nyingi, labda viganja viwili. Lakini mwaka uliofuata niliishi nikiamini kwamba viganja hivyo viwili vilikuwa vinamuua dada yangu, na kwamba hakuna mtu aliyelijua hilo isipokuwa mimi na Mungu.

Wakati huo Mpanda ilikuwa bado wilaya ndani ya Mkoa wa Rukwa, na Ilembo ilikuwa mashamba zaidi kuliko nyumba. Kwetu tulikuwa watatu: Bibi, ambaye ndiye aliyemzaa baba, Mama, na mimi, Nasta. Baba alifanya kazi kwenye mashamba ya tumbaku huko mbali na tulimwona msimu ukiisha. Dada yangu Dafroza alikuwa ameolewa Kawajense, lakini kila Jumapili baada ya misa alikuja kwetu, akanisuka nywele huku akinisimulia mambo ya mjini kana kwamba Kawajense ni nchi nyingine.

Mwenye nyumba alikuwa Bibi. Mkonongo wa zamani, mwembamba, mwenye sauti nene. Shingoni alifunga kitambaa mwaka mzima, hata jua la Oktoba lilipokuwa linapasua ardhi. Chini ya kitambaa hicho kulikuwa na rovu, uvimbe wa ukubwa wa chungwa, ambao mimi nilizaliwa nikaukuta. Hatukuuzungumzia kabisa. Nilipokuwa mdogo zaidi nilidhani mabibi wote wanaota hivyo wakizeeka.

Lakini rovu la watu wengine lilikuwa na maelezo yake nyumbani kwetu. Bibi aliamini, na wengi wa rika lake waliamini pamoja naye, kwamba mbegu iliyotengwa kwa ajili ya kupanda si chakula tena. Imeshaahidiwa ardhi. Mtu akiila, haishuki tumboni. Inakwama kooni, na mvua zikija inafanya kazi yake kama mbegu nyingine yoyote: inaota. Ndiyo maana, Bibi alisema, rovu huwapata wanawake zaidi, kwa sababu wao ndio wanaoshika funguo za ghala.

Mimi niliyajua haya yote siku niliyotia mkono kwenye kibuyu cha mbegu. Njaa ya kutoka shule ilikuwa na nguvu kuliko hofu. Nilizila harakaharaka, nikafukia maganda, nikanawa mdomo.

Jumatatu Bibi alipima mbegu zake kwa macho na kujua. Alituita, mimi na Mama, akatuuliza mara moja tu.

"Nani amekula mbegu?"

Mama alisema si yeye. Mimi nilitikisa kichwa. Bibi alifunga kibuyu polepole.

"Jana Dafroza alikuwa hapa," alisema. "Sawa. Sitamuuliza mtu tena. Shingo itasema."

Kuanzia siku hiyo, kila nilipoamka nilijipapasa koo. Nilimeza mate nikisikiliza kama kuna kitu kinachokwaruza. Nilikwenda kwenye pipa la maji nikanyoosha shingo, nikajiangalia upande huu na upande ule. Mvua zikaja, karanga zikaota shambani, zikatoa maua ya njano, na shingo yangu ikabaki kama ilivyokuwa. Nilianza kupumua. Nilidhani nimesamehewa.

Kumbe dada yangu alikuwa ameanza kubadilika.

Kwanza ilikuwa baridi. Alikuja Jumapili moja amevaa sweta la mumewe, na sisi wote tulikuwa tunavuja jasho. Halafu ukawa usingizi. Alianza kunisuka, katikati ya msuko mikono ikalegea, nikageuka nikamkuta amesinzia akiwa amekaa wima. Sauti yake, ambayo kwaya walikuwa wanaitegemea, ikakwaruza kama ya mtu mwenye mafua yasiyoisha. Uso ulivimba asubuhi. Ngozi ya miguu ilikauka ikapasuka, akapaka mafuta na bado ikapasuka. Nywele zilibaki kwenye kitana. Alikuwa msichana wa kucheka kabla mzaha haujaisha. Sasa ulimwambia jambo, akakutazama, na jibu likachelewa kama linatoka kisimani.

Nayaandika haya yakiwa yamepangana vizuri, kwa sababu leo najua yalikuwa kitu kimoja. Wakati ule hakuna aliyeyaunganisha. Mama mkwe wake alisema ni uvivu. Mumewe, Kasiani, ambaye hakuwa mtu mbaya, alisema labda ni mawazo. Dafroza alipata mimba ikatoka, akapata nyingine nayo ikatoka, na hapo watu wakaacha kusema uvivu wakaanza kusema mengine.

Kisha, Jumapili moja, aliinama kuokota kikapu na kanga ikashuka begani. Bibi alikuwa amekaa mbele yake. Shingo ya dada yangu ilikuwa imejaa chini ya kidevu, pande zote mbili, kama mtu aliyemeza kitu kikakataa kupita.

Bibi hakupaza sauti. "Imesema," alisema.

Sikumbuki nilikwendaje nyuma ya nyumba. Nakumbuka nimesimama pale nikishika koo langu laini, nikifikiri kwamba mbegu imekosea njia. Mimi ndiye niliyekula. Kwa nini imekwenda kwake?

Haukupita muda mrefu mama mkwe wake akamleta Dafroza na mfuko wa nguo. Alikataa kiti, akasimama kwenye mlango wa jikoni.

"Mama Dafroza," alimwambia Mama, "mimi simrudishi mtoto wako kwa ubaya. Lakini alichokula kwenu kikamalizwe kwenu. Akipona, mwanangu atamfuata."

"Hakula kitu," Mama alisema.

"Shingo ile je?"

Mama aliupokea mfuko. Na mimi, niliyekuwa nimeshika mwiko hatua mbili kutoka hapo, nilinyamaza.

Bibi alikuwa na njia yake. Nje ya mji kulikuwa na mzee mmoja aliyejulikana kwa kutoa mbegu. Alikuwa akichanja uvimbe kwa wembe, akiweka dawa ya moto, akinyonya kwa pembe. Bibi alituma ujumbe, na jibu likaja kwamba atafika Jumamosi asubuhi. Dafroza alipoambiwa hakulia. Alikuwa amekaa kwenye mkeka na sweta lake.

"Mama," alisema kwa ile sauti ya kukwaruza, "labda nilikula. Labda nilikula nikasahau. Siku hizi nasahau vitu vingi."

Maneno hayo yalinichoma kuliko wembe wowote. Kama angekasirika, kama angeapa kwamba hakula, ningeweza kuendelea kukaa kimya; ningejiambia watu wazima watamalizana wenyewe. Lakini alikuwa anabeba kosa langu kwa upole, analitafuta ndani ya kichwa chake kilichochoka, analiomba msamaha.

Ijumaa niliporudi shule niliwakuta wote watatu uani. Bibi alikuwa anapepeta ulezi, Mama anakata kisamvu, Dafroza amelala ubavu kwenye mkeka. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima kutoka shuleni. Nilipofika yote yakanipotea isipokuwa manne.

"Bibi, mbegu nilikula mimi."

Ungo ulisimama.

"Unasemaje?"

"Karanga za kwenye kibuyu. Si Dada. Nilikula mimi, nyuma ya ghala. Maganda niliyafukia. Nikuonyeshe nilipoyafukia."

Bibi aliweka ungo chini. Nilifumba macho nikingoja kofi. Badala yake nilisikia vidole vyake vikavu shingoni mwangu. Alianza chini ya sikio, akashuka, akabonyeza katikati, akaniambia nimeze mate, akabonyeza tena.

"Ulikula ngapi?"

"Viganja viwili."

"Ukameza zote?"

"Zote, Bibi."

Akazidi kupapasa, kama anatafuta shilingi iliyoanguka mchangani.  Hatimaye aliondoa mkono akabaki ananitazama, na mpaka leo naliona jicho lile. Halikuwa la hasira. Lilikuwa la mtu aliyefika nyumbani akakuta mlango haupo pale alipouacha.

Mama alisimama. Nilimjua Mama kama mtu asiyempinga mama mkwe wake hata kwenye kiasi cha maji ya ugali. Alifuta mikono kwenye kanga.

"Kesho nampeleka Dafroza hospitali."

"Kesho anakuja yule mzee," Bibi alisema, lakini bila nguvu.

"Atatukuta tumeondoka. Mama, umemsikia huyu mtoto. Aliyekula hana kitu. Asiyekula ndiye anayekufa. Sitamkalisha mwanangu mbele ya wembe kwa kosa ambalo hakulifanya. Na hata angelifanya, nisingemkalisha."

Sikuwahi kumsikia Mama akisema maneno mengi hivyo kwa mkupuo. Dafroza aliinua kichwa kwenye mkeka akanitazama.  Alisema, taratibu kama kawaida yake ya siku hizo: "Nasta, kumbe ni wewe, mlafi mkubwa." Halafu akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi na cha kukwaruza, lakini sikuwa nimekisikia tangu masika.

Asubuhi tulitoka jua likichomoza, Dafroza nyuma ya baiskeli ya jirani, Mama akiisukuma, mimi nikishika kikapu. Tulikuwa tumepita mashamba ya mwisho tuliposikia hatua. Bibi alikuwa anakuja na fimbo yake, kitambaa kimefungwa vizuri. Mama alisimama. Bibi alitupita.

"Twendeni," alisema. "Nataka kumsikia huyo mwenye hospitali atasema nini."

Tulikaa sana kwenye benchi. Mwishowe tuliitwa kwenye chumba cha muuguzi mmoja wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimwamkia Bibi kwanza, ndipo akamgeukia Dafroza. Nilikuwa nimekaza moyo nikingoja amwulize alikula nini. Hakuuliza hivyo. Alimpa kikombe cha maji akamwambia anywe, akawa anaangalia uvimbe unavyopanda na kushuka. Alimshika mapigo ya mkono akahesabu kwa saa. Akamwuliza: Unasikia baridi wenzako wakisikia joto? Choo kinapatikana kwa shida? Hedhi inatoka nyingi? Unasahau? Usingizi hauishi?

Dafroza alijibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, na kwa kila ndiyo machozi yalimtoka, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu kuyataja mambo yake bila kumlaumu.

"Nyumbani mnatumia chumvi gani?" muuguzi aliuliza.

Mama alishangaa. "Ya mawe. Ile ya kupimwa kwa kopo sokoni."

"Mnaiweka wapi?"

"Kwenye kapu, juu ya meko. Isilowane."

"Na kabla ya kupikia?"

"Tunaiosha," Bibi alidakia, kidogo kwa kujivuna. "Ina mchanga."

Muuguzi alivua miwani. Alitueleza kwa lugha ambayo hata mimi niliielewa. Shingoni, alisema, kila mtu ana tezi ndogo, imelala mbele ya koo kama kipepeo. Kazi yake ni kuupa mwili mwendo na joto. Ili ifanye kazi inahitaji kitu kidogo sana kinachoitwa madini joto. Sehemu nyingine kinapatikana kwenye samaki wa baharini na kwenye udongo. Huku kwetu, mbali na bahari, ardhi nyingi imekosa, na chakula kinachoota kwenye ardhi hiyo nacho kinakosa. Tezi ikikosa inajitanua ili ikusanye hata kile kidogo kinachopita. Ndiyo uvimbe huo. Ikishindwa kabisa, mwili mzima unapoa. Wanawake wanahitaji zaidi, hasa wakibeba mimba, na mimba ikikosa inaweza isikae.

"Mihogo je? Sisi tunakula sana mihogo," Mama aliuliza.

"Kuleni, ila muiloweke vizuri na kuianika, na kisamvu kitwangwe na kuiva sawasawa. Mihogo ambayo haikutayarishwa vizuri inaizuia tezi isipate kile kidogo ilichonacho. Ongezeni maziwa, mayai, na dagaa mkipata. Lakini kubwa ni chumvi. Siku hizi ipo ya pakiti iliyotiwa madini joto. Msiioshe. Msiiweke kwenye moshi wala juani. Iwekeni kwenye chombo chenye kifuniko, muitie kwenye mboga ikikaribia kuiva."

 Bibi aliinua mikono akafungua fundo la kitambaa. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo mbele ya mtu mgeni. Alikivua akakiweka mapajani.

"Na hili?" aliuliza.

Muuguzi alisogea akamshika shingo kwa mikono miwili. "Hili lina miaka mingi, bibi yangu. Lilianza lini?"

"Nilikuwa mwali. Sijaolewa."

"Ni lilelile. Madini joto."

"Si mbegu?"

"Si mbegu."

Bibi alitazama ukutani. "Mama yangu aliniambia nimekula mbegu," alisema. "Nilikuwa sikumbuki. Nilitafuta, nilitafuta, sikumbuki. Nikasema labda nilikula nikasahau. Nimemwomba Mungu msamaha kwa mbegu hiyo mpaka meno yameng'oka."

 Dafroza aliteleza kwenye benchi akasogea mpaka mabega yao yakagusana, na wakakaa hivyo, mmoja na sweta na mwingine na shingo wazi, mpaka daktari alipotuita.

Daktari alimpa Dafroza kidonge chenye mafuta mazito ya madini joto, akachukua damu ikapimwe mbali, akamwambia arudi kila mwezi. Alisema wazi kwamba si kila uvimbe wa shingo ni wa namna moja, na kwamba asipopata nafuu atampa vidonge vingine au atampeleka hospitali kubwa. Kwa Bibi alisema uvimbe uliozeeka hivyo hautarudi nyuma, lakini kwa kuwa anameza na kupumua vizuri, usimtishe.

Msidhani mambo yalinyooka siku hiyo. Tuliporudi, tukaambiwa yule mzee alikuja na kuondoka kwa hasira. Majirani walianza kuogopa kula kwetu, maana uvumi ulikuwa umeenea kwamba chumvi ya pakiti imetiwa dawa ya kuzuia uzazi. Mama mkwe wa Dafroza alitembea kutoka Kawajense kuja kutuonya. Mama alimkaribisha, akampikia mboga kwa chumvi hiyohiyo, akaila yeye kwanza mbele yake.

Aliyenishangaza ni Bibi. Alichukua chupa yenye kifuniko, akamimina chumvi humo, na akawa mlinzi wake. Mtu akiiacha wazi alisikia sauti ile nene kutoka uani: "Nyie! Nani kaacha chumvi inapumua?" Jirani Msukuma mwenye ng'ombe alipoleta maziwa, Bibi alimfunga kwa maswali: binti zake shingo zao zikoje, wanasikia baridi, wanapika kwa chumvi gani. Hakueleza vizuri kama muuguzi. Kipepeo alimwita popo. Lakini aliuliza, na watu walimjibu kwa sababu alikuwa ameacha kufunga kitambaa, na kila mtu aliona anazungumzia nini.

Nafuu ya Dafroza ilikuja polepole mno hata nusura tuikose. Mwezi wa kwanza, hakuna. Wa pili alivua sweta mchana. Wa tatu niliamka nikamkuta ameshawasha moto. Siku moja alinisuka kichwa kizima bila kusinzia, na katikati akaanza kuimba, sauti ikapanda juu ikakaa. Mama aliacha kutwanga, akasikiliza mpaka mwisho.

Kasiani alipomfuata, Dafroza alimwambia atarudi kwa sharti moja: kliniki haikatizwi, awe mzima au mgonjwa, awe na mimba au asiwe nayo. Kasiani alikubali mbele ya Bibi, jambo ambalo lilikuwa zito kuliko karatasi. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa mwaka wa pili baada ya hapo, mwenye sauti ya kuamsha mtaa.

Bibi alifariki nikiwa sekondari. Sijawahi kumlaumu kwa kile alichotaka kumfanyia dada yangu. Alikuwa anampa dawa ambayo yeye mwenyewe hakupewa; aliamini anamsaidia kulipa mapema kile ambacho yeye alilipa maisha yote. Ninachokilaumu ni urahisi ule wa kumtafutia mgonjwa kosa. Mtu akishaambiwa amekosa, hata kama hakukosa, anaanza kulitafuta kosa ndani yake, na akiwa amechoka vya kutosha atalipata. Nimeliona hilo kwa wanawake wawili wa nyumba moja.

Miaka michache iliyopita, nikiwa mwalimu hapahapa Mpanda, moyo wangu ulianza kunienda mbio nikiwa nimekaa tu. Nilikonda huku nakula sana. Chaki ilitetemeka mkononi, na joto likanishinda wakati wenzangu wamejifunika. Yalikuwa kinyume kabisa cha mambo ya Dafroza, na chumvi yangu ilikuwa sahihi. Mwalimu mwenzangu, kwa nia njema, aliniambia nifikirie vizuri kama kuna mtu niliyemkwaza.

Nilimshukuru. Sikufikiria. Niliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, nikaenda nikapanga foleni, na zamu yangu ilipofika nilimwambia daktari kila kitu nilichokuwa nakisikia mwilini, kimoja baada ya kingine, bila aibu.